Blowa ya kupulizia sungura wa Angora: uzoefu wangu

Kifaa ninachokizungumzia hakikutengenezwa kwa ajili ya sungura. Ni ile blowa ya kukaushia mbwa wakishaogeshwa: mota ndani ya mkebe wa chuma, bomba refu linalokunjika, na mdomo mwembamba wa kuchomeka mbele. Wafugaji wa Angora, sungura wa manyoya marefu yanayosokotwa kuwa uzi, waliiazima kwa watunza mbwa, nami nimeitumia kwa misimu kadhaa ya kuvuna manyoya. Naipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano imekosekana kwa sababu nitakazozieleza.

Asiyefuga Angora huenda akashangaa sungura anapulizwa upepo wa nini. Manyoya ya mnyama huyu hukua karibu inchi moja kwa mwezi, na ni membamba sana, takriban mikroni 11 hadi 15 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati hata kondoo wa Merino, anayesifika kwa sufu nyembamba, huwa mara nyingi juu ya hapo. Uzuri wote uko kwenye wembamba huo, na taabu yote pia. Yakipata unyevu kidogo na msuguano wa kulaliwa, hushikana yakawa mabonge magumu kwapani, chini ya kidevu na karibu na mkia. Halafu sungura hujilamba kutwa, na hana uwezo wa kutapika. Manyoya anayoyameza yakirundikana tumboni, anaacha kula, na sungura asiyekula ni wa kushughulikiwa siku hiyohiyo. Ndiyo maana hei, yaani majani makavu, haikosekani kizimbani mwangu, maana pelleti, vile vidonge vya chakula cha dukani, peke yake hazina nyuzinyuzi za kutosha kusukuma uchafu huo.

Njia iliyozoeleka ni brashi ya waya. Tatizo la brashi ni kwamba inavuna kabla ya wakati. Kila ukiipitisha inatoka na manyoya mazima ambayo yangebaki mwilini hadi yafikie urefu wa kusokotwa, na yale yaliyonasa kwenye waya huwa yamekatika na kujikunja, hayafai kitu zaidi ya kujazia mito. Blowa haivuti. Upepo unapenya mpaka kwenye ngozi, unayatenganisha manyoya na kuyaacha palepale. Kinachoruka ni mba, vumbi na vipande vya hei. Ukipuliza kwenye mwanga wa jua utashtuka kuona kinachotoka kwa mnyama uliyedhani ni msafi.

Naanzia kiunoni kwa upepo mdogo, mdomo wa bomba ukiwa umbali wa kiganja, kisha napanda kuelekea mabegani. Usoni, masikioni na sehemu za siri sipulizi kabisa, huko natumia kitana kidogo. Sungura hukaa juu ya meza yenye mkeka wa mpira, na mkono wangu mmoja hauondoki makalioni pake, kwa sababu akishtuka na kurusha miguu ya nyuma bila kushikiliwa anaweza kujivunja uti wa mgongo. Mara moja kwa wiki inatosha kwa Angora wa Kifaransa, ambaye uso wake hauna manyoya marefu na ana nywele ngumu za juu zinazozuia kushikana. Angora wa Kiingereza, mwenye vishungi mpaka kwenye ncha za masikio, anadai zaidi. Nampenda huyu wa Kiingereza lakini simshauri mtu aanze naye.

Faida ambayo sikuitegemea ni kuona ngozi. Chini ya manyoya marefu hivyo mtu hujui kinachoendelea, lakini upepo unafungua duara safi na ngozi inaonekana waziwazi: ukurutu wa utitiri nyuma ya shingo, kidonda kidogo, unyevu wa mkojo. Na kuna jingine. Kwa muda mrefu wa msimu upepo hautoi manyoya yoyote, kisha ghafla yanaanza kuruka yenyewe. Hapo najua sungura ameanza kupukutisha, na ni wakati wa kuvuna. Kwa kawaida inaangukia kila baada ya miezi mitatu au minne.

Hili lina uzito kwangu kwa sababu ya swali ambalo kila mfugaji wa Angora huulizwa: je, kumnyonyoa si kumtesa? Video zilizotolewa na PETA, shirika la kutetea haki za wanyama, mwaka 2013 kutoka mashamba ya China zilionyesha sungura wakinyonyolewa kwa nguvu huku wakipiga kelele, na kampuni nyingi za mavazi ziliacha kununua manyoya ya Angora baada ya hapo. Waliokasirika walikuwa na haki ya kukasirika. Sungura anayepukutisha ni habari nyingine: manyoya yameshaachia ngozi, unayachukua kwa vidole naye anaendelea kutafuna hei yake. Yasipotoka kwa urahisi, unaacha. Angora wa Kijerumani wengi hawapukutishi vizuri, hao hukatwa kwa mkasi au mashine, na wao ndio wenye mavuno makubwa, hata zaidi ya kilo moja kwa mwaka kwa sungura mmoja.

Sasa malalamiko. La kwanza ni kelele. Mwanzoni niliiwasha mbali na vizimba wakati wa kulisha, nikaisogeza kidogo kidogo, na wengi walizoea. Yupo mmoja ambaye mpaka leo hupiga mguu chini akiona tu bomba, naye nimemwachia kitana.

La pili ni joto. Hata blowa isiyo na hita hupasha hewa, kwa sababu hewa inapita kwenye mota, na kadiri unavyoendelea inazidi kupata moto. Sungura hatoi jasho. Hupoza mwili kupitia masikio na kupumua kwa kasi, na hali ya hewa ikikaribia nyuzi 30 mwenye koti zito kama hilo tayari yuko taabani. Mimi hufanya kazi hii asubuhi na kuipumzisha mota baada ya kila sungura. Yenye hita isiyoweza kuzimwa usiinunue.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi: chujio. Manyoya yanayoelea hewani yanafyonzwa na mashine yenyewe, chujio linaziba, mota inaanza kunuka kuungua. Iweke upande upepo unakotokea, usafishe chujio kila unapomaliza. Wewe mwenyewe vaa barakoa, kwani kinachoziba chujio kinaingia pia mapafuni.

Na usidhani itakufungulia mabonge. Lililoshikana limeshikana, linataka vidole na uvumilivu, au mkasi wenye ncha butu huku ukichunga ngozi, ambayo ni nyembamba na hukatika kirahisi. Ukiongeza upepo ili kulazimisha, ncha za manyoya zinapigana zenyewe na kufunga mafundo mapya.

Lakini hukumu yangu sikuitoa kwenye kizimba, niliitoa nilipokaa kusokota. Manyoya ya sungura aliyepulizwa hutoka yamelala upande mmoja, mashina pamoja na ncha pamoja. Yale marefu ya mgongoni na ubavuni, yanayopita sentimita sita, nayasokota moja kwa moja kutoka mkononi bila kuyachambua kwanza. Zamani nusu ya kazi ilikuwa kutoa vipande vya hei kimoja kimoja. Manyoya yanateleza, kwa hiyo natumia kijiti chepesi cha kusokotea na kuupa uzi msokoto mwingi kuliko ninaoupa sufu ya kondoo. Kwa vitu vinavyovutwa, kama soksi na mikono ya sweta, nachanganya na sufu hiyo, kwani Angora peke yake hainyumbuki, ikilegea imelegea. Ule ukungu laini unaoufanya uzi wa Angora utambulike hauonekani mpaka uoshwe na kuvaliwa, basi usikate tamaa ukiona uzi wako mwembamba umekaa kama kamba.

Mwenye sungura wawili watatu sioni kwa nini aingie gharama hii. Kitana cha chuma na dakika chache kila siku vitamtosha. Kuanzia sungura sita hivi kwenda juu ndipo blowa inajilipa. Ukienda kununua, tafuta yenye kirekebisha kasi kinachozunguka taratibu badala ya swichi ya hatua mbili, chujio linalotoka bila bisibisi, na uangalie bomba pale linapoungana na mkebe. Langu lilipasuka hapohapo, na bomba la akiba halikuuzwa peke yake.