FibroScan: mashine nzuri, karatasi pungufu

Nikiwa mgonjwa wa muda mrefu wa homa ya ini B, nimepimwa kwa FibroScan, mashine ya kupima ugumu wa ini, mara mbili, katika vituo viwili tofauti, na sifa ninazoipa mashine hii, inayotengenezwa na kampuni ya Echosens ya Ufaransa na iliyoingia sokoni mwaka 2003, siwapi wote wanaoiendesha.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Unalala chali, mkono wa kulia umeukunja nyuma ya kichwa, unapakwa jeli ubavuni, kisha kifaa kinakudokoadokoa kati ya mbavu. Kila mdokoo hutuma wimbi ndani ya ini, na kwa kuwa wimbi hukimbia zaidi katika ini lililokakamaa kwa makovu, kasi yake hugeuzwa kuwa kipimo cha ugumu kwa kilopaskali. Baada ya dakika kumi hivi umeshanyanyuka. Biopsi, ambayo sindano yake hunyofoa takriban sehemu 1 kati ya 50,000 ya ini, huweza kuangukia palipo pazima na kuacha palipoharibika, mbali na maumivu yake.

Kasoro niliikuta kwenye kituo cha kwanza. Hakuna aliyeniuliza kama nimekula, ilhali inatakiwa kufunga kwa saa tatu hivi, kwa sababu baada ya mlo damu huongezeka kwenye ini na kulifanya lisomeke gumu kuliko lilivyo. Nami nilikuwa nimetoka kula chapati na maharage. Karatasi ilikuja na nambari moja tu, 8.3, na kwa kuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 huhesabu zaidi ya 7 kuwa dalili ya makovu yanayostahili dawa, sikupata usingizi wiki nzima. Kituo cha pili kilinipima nikiwa sijala tangu usiku: 6.4, vipimo 10 halali, mtawanyiko wa vipimo hivyo asilimia 14, ambao kwa kawaida hautakiwi kuzidi 30. Walitazama kwanza vimeng'enya vya ini katika damu yangu, kwani ini lenye uvimbe mkali nalo husomeka gumu, kisha wakanikokotolea APRI, hesabu ya kukadiria makovu ya ini isiyohitaji zaidi ya kimeng'enya cha AST na idadi ya chembe sahani za damu.

Mwenye maji tumboni asipoteze fedha zake, kwa maana wimbi halipiti. Mwenye mwili mkubwa aulize kwanza kama kituo kina kifaa cha XL. Kituo cha pili kilinitoza zaidi, na ndiko nitakakorudi.