Bodi moja, mizigo minne: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu na tipa la kugeuza

Gari langu ni tipa la tairi kumi, makao yake Makambako. Anayeujua mji huu anajua ni njia panda: barabara ya Dar es Salaam na Mbeya inapita hapa, na ile ya Njombe hadi Songea inaanzia hapa. Mzigo haukosekani. Kinachokosekana ni mzigo unaoikubali bodi (sanduku la nyuma la kubebea mzigo) uliyo nayo siku hiyo.

Kiangazi wajenzi wanataka mchanga na kokoto. Mavuno yakianza, mahindi yanatoka Ludewa, Madaba na Songea. Mvua zikikaribia wakulima wanatafuta mbolea, nayo inakuja kwa mifuko. Na katikati ya yote hayo, wafugaji wa kuku wa Iringa wanahitaji maranda kutoka viwanda vya mbao vya Mafinga mwaka mzima. Bodi yangu ya zamani ilikuwa ya kokoto peke yake: mbavu fupi za sentimita 60, chuma kizito, mlango wa nyuma unaofunguka kwa njia moja tu. Ukijaza mahindi ya kichele, yaani yasiyotiwa kwenye magunia, hadi ukingoni unapata tani tano na nusu, basi. Gari linaloweza kubeba tani kumi na nne linatembea na mzigo wa Canter. Wenzangu wengi wanaongezea mbao na kuzifunga kwa waya. Nilifanya hivyo msimu mmoja, mbao zikapasuka njiani kabla ya Njombe, na sitaki kurudia.

Basi nikaamua kutengeneza bodi mpya ya kugeuza, yaani inayobadilishwa kufuata mzigo. Karakana siitaji jina, kwa sababu kuna mambo walikosea na wakayarekebisha, na sioni haki ya kuwaanika. Lakini fundi mkuu alinifundisha jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alisikie kabla hajatoa pesa. Nilifika na mchoro wangu wa mbavu ndefu za mita moja na nusu. Akauweka pembeni, akaniuliza, "Bosi, kabla sijagusa chuma, niambie mzigo wako mzito kuliko yote una kilo ngapi kwa mita moja ya ujazo."

Sikujua. Akanitajia yeye. Mchanga uliolowa ni kilo 1,800 na ushei. Mahindi makavu ni kama 720. Maranda, hata ukiyakanyaga, hayafiki 200. Maana yake ni kwamba bodi inayotosha maranda, ukiijaza mchanga umevunja gari na sheria kwa pamoja. Kwa hiyo ujazo wa chini unapangwa kwa mzigo mzito, halafu unapanda juu kwa paneli za kuchomoa kadiri mzigo unavyokuwa mwepesi.

Sheria yenyewe ni ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019. Ekseli ya usukani haizidi tani 8, na ekseli pacha ya nyuma yenye tairi nane haizidi tani 18. Jumla tani 26. Gari langu tupu, bila paneli za juu, lina kilo 11,200. Toa hesabu, unabaki na chini kidogo ya tani 15 za mzigo.

Tukapima bodi: urefu mita 5.6 kwa ndani, upana 2.3, mbavu za chini sentimita 60. Hiyo ni mita za ujazo 7.7. Ukilijaza mchanga mbichi na kulisawazisha kwa ubao, bila kichuguu, unapata takriban tani 14. Yaani ukingo wa bodi ndio mizani yako. Utingo hahitaji kukisia, na mwenye machimbo hawezi kukurundikia koleo za ziada bila wewe kuona. Hili peke yake limeniondolea ugomvi mwingi sana.

Juu ya mbavu hizo zinakaa paneli za sentimita 70, tatu kila upande, na moja moja mbele na nyuma. Hapo unafika mita za ujazo 16 na zaidi, ambazo ni tani 12 za mahindi. Juu yake tena kuna fremu za wavu wa sentimita 60 kwa ajili ya maranda. Sakafu ni plati ya milimita 6, mbavu za chini milimita 5, paneli milimita 3. Kila paneli ina kilo kama 43, watu wawili wanainyanyua bila shida. Kugeuza kutoka mchanga kwenda mahindi kunachukua dakika 40, ukiacha muda wa kuosha, na habari ya kuosha nitaieleza baadaye.

Ubavu wa kushoto unaanguka chini kwa bawaba ili mifuko ya mbolea ipakiwe kutoka pembeni. Wa kulia nimeuacha umekazwa. Fundi alitaka zote mbili zianguke, nikakataa, na leo nafurahi. Mchanga mbichi unasukuma kwa nguvu nyingi, na kila bawaba ni mahali pa kulegea. Upande wa kushoto tuliweka nguzo ya katikati ya kuchomoa, na hata hivyo ubavu umeanza kutuna kidogo. Wa kulia umenyooka kama siku ya kwanza.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni mlango wa nyuma. Una bawaba juu na chini. Ukichomoa pini za chini unaning'inia kutoka juu, mzigo unamwagika kama kwenye tipa lolote. Ukichomoa za juu unalala kama meza, mnashusha mifuko. Na katikati yake kuna kidirisha cha sentimita 40 kwa 40 chenye kibao cha kusukuma juu. Hicho ndicho cha mahindi. Unanyanyua bodi kidogo tu, unaweka mdomo wa gunia pale, unavuta kibao, mahindi yanashuka kwa mkondo mmoja laini, unarudisha kibao, gunia limejaa. Mama mmoja mwenye mashine ya kusaga alinunua magunia kumi kwa njia hii kutoka kwenye gari lililobeba mzigo wa mtu mwingine na wake pamoja, na hakuna punje iliyoguswa na koleo.

Sasa makosa.

La kwanza lilijitokeza siku ya kwanza kabisa ya mchanga. Tulipofika mizani, jumla ilikuwa kilo 25,450. Nikashusha pumzi. Kisha nikaona mstari wa pili: mbele 6,150, nyuma 19,300. Jumla ni halali, ekseli za nyuma zimezidi tani moja na kilo mia tatu. Gari likawekwa pembeni. Nililipa, na mchanga uliozidi ukashushwa kwa koleo kwenye jua la saa saba.

Nilirudi karakana nikiwa na hasira. Fundi mkuu akachukua futi, akapima kutoka mgongo wa kabini hadi mwanzo wa bodi. Akakaa kimya. Kulikuwa na mwanya mkubwa usio na kazi. Vijana wake walitumia vipimo vya gari lenye jeki ya mbele, ile inayosimama nyuma ya kabini na kusukuma bodi kutoka kichwani, na jeki hiyo inahitaji nafasi. Langu lina jeki ya tumboni, iliyo chini ya bodi. Mwanya ule haukuwa na sababu, na ulikuwa umeirudisha bodi nzima nyuma kwa sentimita 30. "Hapa tumekosa sisi, bosi," akasema, na hakunidai hata shilingi ya kurekebisha. Kwa sababu bodi imekalia fremu yake yenyewe, iliyofungwa kwenye chesesi kwa boliti za U bila kuchomelea, waliweza kulegeza, kusogeza mbele, na kukata upya msingi wa jeki na bawaba za nyuma. Siku nne. Safari iliyofuata nikapunguza mchanga kidogo: mbele 7,020, nyuma 17,860. Tangu hapo sijawekwa pembeni kwa uzito.

Kwa hiyo ukienda kutengenezesha bodi, usiangalie rangi wala uzuri wa kuchomelea kwanza. Chukua futi mwenyewe, pima mwanya ule wa nyuma ya kabini. Kila sentimita unayoiacha bila sababu inahamisha kilo kutoka tairi za mbele kwenda za nyuma, na mizani haisikii maelezo.

Kosa la pili lilikuwa la mshono. Safari ya kwanza ya mahindi ya kichele kutoka Madaba tulisimama Njombe kunywa chai. Nilipozunguka gari nikaona punje zimejipanga chini kwa mstari mmoja mrefu, ubavu mzima wa kushoto. Paneli ya juu na ubavu wa chini vilikuwa vimegusana chuma kwa chuma, na gari likitikisika mwanya unafunguka. Mchanga mbichi haupiti pale, ila mahindi makavu yanatiririka karibu kama maji. Nilimlipa mwenye mzigo magunia mawili. Dawa yake ilikuwa rahisi: raba ya mkanda mzee wa konveya, imekatwa vipande na kubanwa kwa boliti kando ya mshono wote, na kwenye kidirisha pia. Mafundi wanaozoea kokoto hawalifikirii hili. Waambie tangu mwanzo.

La tatu ndilo lililonitia hofu. Kwa kuwa mahindi yanasukuma paneli kwenda nje, katikati ya bodi tuliweka mnyororo wa kuvuta mbavu pande zote mbili zisitanuke. Siku moja tukapeleka maranda Iringa. Dereva akanyanyua bodi, mlango wazi, na maranda hayakushuka. Yalikuwa yameshikamana, yakang'ang'ania mnyororo ule. Bodi ikaendelea kupanda, mzigo wote umekaa juu upande wa mbele, na ardhi ya banda la kuku ilikuwa laini kushoto. Niliona tairi za kushoto zinazama polepole. Utingo akashika ngazi apande ayachokoe kwa mti. Dereva, mtu mzima aliyeendesha tipa miaka mingi, akamzuia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Usipande, dogo! Toka hapo. Naishusha." Akaishusha taratibu mpaka chini. Tukafungua mnyororo, tukahamia ardhi ngumu, tukamwaga upya, na maranda yakatoka yote kwa mara moja kama tofali. Kama kijana yule angekuwa ndani, nisingeandika maneno haya kwa utulivu huu. Sasa mnyororo una ndoano inayofunguliwa kutoka nje, na kwa maranda hatuuweki kabisa.

Kuhusu kuosha. Bodi inayobeba kila kitu inaweza pia kuchanganya kila kitu. Leo mbolea imepasuka mfuko, kesho mahindi ya watu. Nilimwomba fundi pembe za chini zote zizungushwe, zisiwe kali, ili uchafu usijifiche, na hakuna chuma kinachotokeza sakafuni. Ukifagia kinatoka kila kitu. Tunaosha kwa maji mengi, halafu tunaacha bodi imenyanyuliwa juani mpaka ikauke kabisa. Hapa sifanyi haraka hata mteja akipiga simu mara tano. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na ukiyamwaga kwenye plati yenye maji umeyaharibu mwenyewe. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu. Mahindi ninayobeba yanaliwa na watoto wa mtu. Makaa ya mawe ya kutoka Mbinga niliwahi kuombwa kuyabeba, kwa bei nzuri, nikakataa, kwa sababu vumbi lake linaingia kwenye raba za mshono na sijapata njia ya kulitoa lote.

Gharama yote ilikuwa shilingi milioni 19 na laki 4, pamoja na kukarabati jeki na pampu. Niliahidiwa siku 14, zikawa 23, mbali na zile nne za kusogeza bodi. Je, imelipa? Zamani, katika safari kumi za Ludewa, saba nilirudi tupu. Sasa naenda na mbolea, narudi na mahindi, na kurudi tupu ni mara tatu katika kumi, pengine pungufu msimu ukiwa mzuri. Dizeli ya kurudi utailipia hata ukiwa tupu, na tofauti hiyo ya safari tupu ndiyo imenirudishia zaidi ya nusu ya pesa yangu hadi sasa.

Kama gari lako linabeba kokoto mwaka mzima kutoka machimbo yale yale, usihangaike na bodi hii. Pini zinapotea (zifungeni kwa cheni fupi, kila moja mahali pake), bawaba zinataka grisi kila wiki, na paneli zinahitaji mahali pa kuwekwa ukiwa unabeba mchanga. Bodi ya kawaida haina kazi nyingi. Lakini kwa sisi tunaofuata misimu, sijaona kingine kinachofaa kama hiki.

Jumatatu naipeleka tena kwa fundi yule yule kubadilisha raba za mshono. Za kwanza zimekaa miezi 14, na upande wa kushoto, pale ubavu ulipoanza kutuna, nimemwambia aongeze nguzo ya pili.