Niliambiwa injini imekufa: uzoefu wangu na moa ya dizeli hapa Nakuru

Ninakata nyasi kwa mkataba: shule mbili upande wa Lanet, kanisa moja, na nyumba kadhaa za Milimani. Moa yangu ni ya kukalia, dizeli ya silinda tatu kutoka Japani, niliyoinunua mitumba kwa shamba la maua lililokuwa linapunguza vifaa. Kwa miaka miwili haikunisumbua.

Mei, mvua ikiwa imekolea na nyasi ya kikuyu haikatiki ikaisha, ndipo ilipoanza visa. Asubuhi haitaki kuwaka. Ikiwaka, moshi mweupe mpaka askari wa getini ananiuliza kama nafukuza mbu. Redieta naijaza maji saa mbili, kufika saa nne yamepungua na hakuna tone lililoanguka chini. Na ule mpira wa juu wa redieta, injini ikinguruma dakika tano tu, unakuwa mgumu kama rungu.

Fundi wa kwanza alikuja na pikipiki, akasikiliza kidogo, akasema ni noseli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda, dizeli imechanganywa na mafuta ya taa. Si neno la kupuuza, maana mchezo huo upo, na ndio sababu mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayana ule ulaini wa dizeli, kwa hiyo pampu na noseli zinalika. Lakini mimi najaza moa kutoka kituo kilekile ninachojazia pikapu, na pikapu haikuwa na shida. Nikanyamaza, nikalipa. Noseli tatu na kazi yake, 22,000. Moshi ukabaki palepale. Aliporudi akabadilisha wimbo: injini imekufa, pistoni na ringi zote, tafuta laki moja na nusu au uza. Na kumbe mnunuzi alikuwa naye tayari.

Huyo dalali alitaja 60,000. Karo ilikuwa inadaiwa, nikaanza kulegea. Mke wangu akauliza swali moja tu: "Sasa huyo anayenunua maiti kwa elfu sitini, anaenda kuizika?"

Kesho yake nikaipakia kwenye trela, nikaipeleka kwa mzee mmoja wa injini za dizeli niliyeelekezwa na dereva wa trekta. Nilitegemea aende moja kwa moja kwenye injini. Hakuigusa. Akasema niiwashe hivyohivyo na moshi wake, niiendeshe hadi haidrostati, ile gia ya mafuta inayosukuma magurudumu, ipate joto, halafu niipandishe kile kilima kilicho nyuma ya karakana. Ikapanda bila kusita. Kisha akalala chini, akashika visu kimoja kimoja na kuvitikisa, akagonga deki, lile bati linalofunika visu, kwa bisibisi kutafuta palipooza kwa kutu.

"Sikiliza, kijana," akaniambia. "Injini mimi naiweza. Hizi injini ndogo ziko kwenye majenereta, ziko kwenye friji za malori, spea hazikosi. Ile haidrostati ikichoka, hapa hakuna anayeijua, na mpya ni bei ya kukufanya ulie. Ingekuwa imelemewa na kilima, ningekwambia mpigie dalali wako sasa hivi."

Hapo ndipo nilipoona kwamba siku zote hizo nilikuwa nabishana kuhusu kile kitu kimoja ambacho Nakuru nzima inaweza kukitengeneza.

Halafu ndio akapima kompresheni, yaani nguvu ya hewa inavyobanwa ndani ya kila silinda, kwa shilingi 1,500. Alitoa hita plagi, zile zinazopasha silinda moto wakati wa kuwasha, akafunga geji kwenye matundu yake, nami nikawa wa kupiga stata. Silinda ya kwanza psi 410. Ya pili 240, ya tatu 235. Akatia oili kidogo sana katika zile mbili, kama kijiko cha chai (ukimimina nyingi kwenye dizeli unaweza kupinda kitu), akapima tena. Sindano haikusogea kitu. Zingekuwa ringi, oili ingeziba nafasi na geji ingepanda. Na silinda mbili zinazopakana kuwa chini pamoja, akasema, hiyo ni gasketi ya hedi, ile inayoziba chini ya kifuniko cha silinda, imeungua kati ya silinda hizo mbili. "Hii hujaiua. Umeipika."

Aliivua hedi mbele yangu. Akaisafisha, akalaza rula ya chuma juu yake na kuanza kupenyeza fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Ya milimita 0.05 ilipita, nayo ndiyo ilikuwa kikomo cha kupinda kinachoruhusiwa. Ya 0.10 ikapita pia. Ya 0.15 ikagoma. Hedi ilikuwa imepinda, ikapelekwa kusawazishwa kwenye mashine.

Aliyeipika ni mimi, na hili naliandika kwa aibu. Wavu wa redieta ulikuwa umevaa nyasi na vumbi kama blanketi, hewa haipiti. Baza ya joto, ile inayolia injini ikichemka, ilikuwa imenionya tangu mwaka jana. Nilidhani ni waya mbovu, nikaukata.

Hesabu yote: kupima 1,500, seti ya gasketi kutoka Nairobi pamoja na parseli 11,000, kusawazisha hedi 4,500, oili, filta, kulanti na mpira mpya 6,200, kazi ya mzee 14,000. Jumla 37,200. Ukiongeza zile 22,000 za noseli nilizotupa, bado niko chini ya bei ya dalali, na moa kama yangu inayotembea Nairobi nimeona wakiitisha zaidi ya 300,000.

Mzee nampa nyota nne kwa tano. Moja nimeizuia kwa sababu alisema siku tatu zikawa tisa, shule moja ikamwita mtu wa brashikata nikapoteza kazi ya mwezi, na risiti kwake ni karatasi ya pakiti ya sukari. Kazi yenyewe sina neno: alikaza bolti za hedi kwa tokwi renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, akianzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, na baada ya saa kumi za kazi akaniita nirudi aikague.

Sasa ni Septemba. Inawaka kwa mara moja hata asubuhi zile za baridi, maji hayashuki. Baza nimeirudisha, na kila baada ya saa moja nazima, nachomoa wavu na kuukung'uta. Kuna oili inayodondoka kidogo nyuma ya injini. Mzee alisema tuiache, tuchungulie kipimo cha oili kila asubuhi. Kilima cha karakana nimekipanda tena wiki iliyopita, injini ikiwa moto. Siku itakaposita pale, nitaiuza.