TAHADHARI: Kuna tapeli anauza matangazo feki ya magari ya zamani, Mtwara na Lindi

Jamani watu wa Mtwara, Mikindani, Lindi na Masasi, hasa nyie wenye Land Rover na Peugeot za wazee. Kuna kijana anazunguka na bahasha kubwa ya kaki, anauza kurasa za majarida ya zamani zenye matangazo ya magari, anaapa ni orijino. Si orijino. Ni mwizi, na namwita mwizi mchana kweupe.

Ile Peugeot 404 ya marehemu mzee wangu, ninayoifufua, mnaijua, sirudii. Fundi wa bodi alikuwa anataka picha ya shoo (ile grili ya mbele) na bampa kama zilivyotoka kiwandani, na mimi nikataka nyingine za kutundika ofisini. Nikaulizia huku na kule, jamaa akanipigia mwenyewe. Tukakutana mgahawani, sokoni pale, malipo ya korosho yameshaingia. Nani alimwambia, Mungu anajua.

Akapangusa meza kwa kitambaa. Akapangusa tena. Akatoa karatasi mojamoja, kila moja imebandikwa kwenye manila nyeusi na kufunikwa nailoni. Nikanyoosha mkono, akanizuia taratibu: "Kaka mkubwa, samahani, mafuta ya sambusa yanaua karatasi ya miaka sitini." Nikasema moyoni, huyu anajali mali. Nikaenda kunawa! Niliporudi akainua nailoni kidogo kwenye kona, nikanusa. Ukale mtupu, na pembeni karatasi imeshakuwa kahawia.

Na asije mtu hapa kuniita mshamba. Yule kijana magari anayajua. Aliziba maandishi kwa kiganja, akaniuliza, "Hii bodi gani?" Nikasema saluni. Akatabasamu kwa adabu, akanionyesha: 404 saluni nyuma ina mapezi yamechongoka juu ya taa, hii taa zimesimama wima kando ya mlango wa nyuma, paa limenyooka mpaka mwisho, na kutoka tairi la mbele hadi la nyuma ni parefu zaidi. Kwa hiyo ni stesheni wagoni, tena ile ya familia yenye safu tatu za viti. Nimekuja kuhakikisha baadaye, kila neno ni kweli. Akaendelea: mchoro wa Pininfarina, wale wabunifu wa magari wa Italia, gari ilitoka 1960, ikashinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki 1963, ikarudia 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland, dereva wetu wa Tanzania, na 1968 tena. Shankland! Mzee alitusimulia habari zake tangu tuko wadogo. Mtu anakutajia Shankland mezani, wewe utamdai risiti?

"Zimetoka kwenye sanduku la Mzungu wa karanga, Nachingwea," akasema. Nachingwea Wazungu wa ule mradi wa karanga wa Waingereza walikuwepo, nani asiyejua? Nikachukua zote. Kiasi sitaji, mke wangu yumo humu.

Kesho yake gereji, fundi akavua nailoni, kidole chake kina majimaji. Wino ukatembea. Bluu ikaingia kwenye nyekundu, boneti yote ikawa tope. Tukabandua ile manila: nyuma nyeupe pee! Ukurasa uliochanwa kwenye jarida lazima nyuma uwe na ukurasa mwingine, na ndiyo maana alizigandisha zote kwa gundi. Ule ukale niliounusa ni majani ya chai. Fundi alicheka mpaka akakaa chini, na hilo nalo linaniuma.

Huyu mtu afungwe. Sitaki kusikia habari za kusuluhishana kwa mjumbe, sitaki "msamehe, kijana anatafuta maisha". Atafute maisha kwa jasho kama wenzake wanaobeba magunia bandarini. Nimeripoti kituoni, na nitakwenda kila wakiniita. Arudishe hela yangu, na alipe muda wa fundi, na hiyo printa yake ichukuliwe.

Na kuna karatasi moja imeandikwa 1962, chini anuani inasema Dar es Salaam, Tanzania. Tanzania ya wapi 1962? Muungano ni Aprili 1964, na jina lenyewe limekuja Oktoba mwaka huo. Nyingine ni Land Rover, nayo eti 1962, taa kubwa za mbele ziko kwenye madigadi, wakati zilihamishiwa huko mwishoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya hapo zilikaa katikati, pembeni mwa shoo. Hizo karanga nazo serikali ya Uingereza iliachana nazo 1951. Mzungu wa karanga anayenunua majarida ya 1962 alikuwa anangoja nini Nachingwea? Laana iwe juu yake, huyo kijana, maana Mzungu hata hayupo.

Akija kwako mwambie abandue manila mbele yako, na wewe ulowanishe kidole uguse kona. Akikataa, piga kelele watu wajae.

Namba yake haipatikani tena. Nasikia ameonekana stendi ya Masasi na bahasha ileile. Mwenye namba yake mpya anitumie inbox. Picha yake sina, alikataa nisipige picha yoyote pale mezani, eti mwanga wa simu unachubua rangi.