Scintrex CG-5: gravimita ya kusakia kasoko za vimondo, kwa mtu wa Mombasa
CG-5 ni gravimita, yaani mashine ya kupima nguvu ya mvutano wa dunia. Nafasi yake imeshachukuliwa na CG-6 iliyo nyepesi zaidi, kwa hivyo CG-5 nyingi zinazouzwa sasa ni mtumba. Bado zinafaa. Husoma tofauti ndogo hadi mikrogali 1 (gali ni kizio cha mvutano), ilhali kasoko ya Chicxulub kule Meksiko imeacha upungufu wa miligali 20 hadi 30, na miligali moja ni mikrogali 1,000. Mwamba uliopondwa na kimondo ni mwepesi kuliko ule mzima wa pembeni, basi mvutano juu yake hupungua.

Kinachoharibu vipimo mara nyingi si mashine, ni kimo cha mahali unapopimia. Ukikosea mita moja tu, umeongeza au kupunguza takriban miligali 0.2. GPS ya simu isahau. Tumia ya wapima ardhi.

Springi ya mashine, iliyo ya kwatsi (quartz), hukaa kwenye joto lisilobadilika. Ikizimika, ipe kama saa 48 itulie upya, na stima zetu mwazijua: betri ya akiba isikose. Hata ikishatulia, usomaji husogea wenyewe, kwa hivyo rudi kituo cha msingi, yaani mahali pamoja pa kulinganishia, kila baada ya saa mbili tatu. Kila mahali unapopima soma sekunde 60, mara tatu.

Kituo hicho cha msingi kiweke bara, Mariakani kwa mfano. Ufuoni, mawimbi ya kusi hutikisa ardhi, na karibu na bandari kuna malori. Tena siku za bamvua maji hupanda zaidi ya mita 3 na uzito wake huingia kwenye vipimo. Programu ya mashine husahihisha mvuto wa mwezi na jua tu, si bahari. Tofauti ya saa na GMT iingize kwa makini: ukigeuza alama ya kutoa na kujumlisha, masahihisho yanapotoka saa 6, yaani karibu kinyume kabisa.

Usitarajie mashine ithibitishe kimondo. Kasoko ya volkano nayo huchora duara. Wanajiofizikia Penfield na Camargo walitangaza duara la Chicxulub mwaka 1981, likaja kukubalika kuwa la kimondo miaka kumi baadaye, kwatsi yenye alama za mshtuko ilipopatikana.

Kabla ya kulipia ya mtumba, iache usiku kucha kwenye sakafu ya saruji ijisomee. Mchoro ukitoka mstari ulionyooka, chukua. Ukirukaruka, springi imeshapigwa.