CR1000X: loga safi, ila chunga hiyo FP2 kabla hujaipeleka saiti

Mambo vipi wadau, leo mezani nina Campbell CR1000X, hii loga (kifaa cha kurekodi vipimo vya sensa) mnayoiona kwenye vituo vingi vya hali ya hewa, inakula umeme kidogo, kadi ya microSD inaingia, kwa upande wa bodi sina ubishi nayo. Mi nataka tuongelee namba zinavyotunzwa humu ndani, maana hapo ndo watu wanapigwa.

Programu nyingi za mfano utakuta zimeandikwa FP2. Hiyo ni namba ya baiti 2 tu, mwisho wake 7999. Joto la 27.46 linaingia freshi kabisa. Sasa funga sensa ya mgandamizo wa hewa, uko Dar, loga inasoma hektopaskali 1012.3 halafu kwenye jedwali inaandika 1012, yaani ukishafika 800 FP2 haikupi desimali hata moja. Na huku kwetu tropiki mgandamizo unapanda mida ya saa nne, asubuhi na usiku, unashuka mida ya saa kumi, tofauti yenyewe hektopaskali mbili tatu tu, kwa hiyo grafu badala ya wimbi inakuja ngazi. Nairobi nako huponi, kule ni 820 na kitu.

Mvua ya kila dakika kumi haina shida, ila ukitunza jumla ya msimu mzima, ikivuka milimita 800 kibakuli cha kipima mvua, kile cha milimita 0.2, kinapinduka na namba haitikisiki!

Kinachoniudhi ni kwamba hesabu za ndani loga inazipiga kwa baiti 4, inakuja kukata wakati wa kuandika kwenye jedwali. Dawa yake ndogo tu, nenda kwenye programu, mstari wa Sample au Average (amri za kuandika kwenye jedwali), futa FP2 weka IEEE4, yaani namba ya desimali ya baiti 4, unapata kama tarakimu 7. Gharama? Baiti 2 zaidi kila rekodi, kwa dakika kumi kumi ni kama kilobaiti 105 kwa mwaka, picha moja ya WhatsApp hiyo jamani. Vitu vya kuhesabu weka Long, yaani namba nzima isiyo na desimali, maana namba za desimali za baiti 4 zikipita 16,777,216 zinaanza kuruka namba.

Kifaa nakipa saba kwa kumi, hiyo FP2 imekula maksi. Kama kituo chako kishafungwa, fungua faili la TOA5 (faili la maandishi la data za loga) ucheki safu ya mgandamizo, ukikuta namba nzima tupu badilisha programu, ila pakua data kwanza, jedwali likibadilika za zamani zinafutika.