Rivyu: ile tovuti ya Fomu 34A ya 2022, na kama demokrasia iliyoharibika inatengenezeka

Siku hizi ukikaa na watu popote maneno ni uchaguzi wa 2027 tu, na kuna kitu nasikia kikirudiwa sana, ati demokrasia ikishaanza kuoza hakuna kuirudisha, ngoja tu iishe. Mimi sikubaliani. Na badala ya kubishana hewani nimeamua kuandika rivyu ya huduma moja ambayo nimeitumia mwenyewe, ile tovuti ya IEBC, tume yetu ya uchaguzi hapa Kenya, iliyokuwa inaweka matokeo ya urais ya 2022 kituo kwa kituo. Simu na hoteli tunaziandikia rivyu kila siku, hii nayo ni huduma, tena tumeilipia kwa ushuru wetu.

Kwa wale hawakuifungua, ilikuwa inafanya kazi hivi. Tarehe 9 Agosti 2022 tulipiga kura kwa vituo 46,229, kila kituo wapiga kura wasiozidi 700. Kura zinahesabiwa pale pale kituoni, msimamizi anajaza Fomu 34A, mawakala wa wagombea wanatia sahihi, nakala moja inabandikwa mlangoni, alafu msimamizi anaipiga picha na kile kishikwambi cha KIEMS, mtambo wa tume wa kutambua wapiga kura na kutuma matokeo, na picha inatumwa. Ikifika inaingia kwa tovuti na mtu yeyote anaiona, awe Lodwar, awe Lamu, awe kazini Doha. Unachagua kaunti, eneo bunge, wadi, kituo, unabonyeza, fomu hii hapa. Hakuna kujisajili, hakuna kuulizwa kitambulisho, gharama yako ni bando tu. Vituo ambavyo havina netiwaki ya kutosha walipewa modemu za setilaiti. Kura zilifungwa jioni, fomu zikaanza kuingia usiku huo huo, na kesho yake jioni zaidi ya asilimia 95 zilikuwa juu tayari.

Kwa kasi naipa alama zote, bila kuongeza neno.

Lakini ukitaka kujua thamani yake kaa na mtu aliyepiga kura kabla haijakuwepo. Mjomba wangu alikuwa kwa mlolongo wa 1988. Wadogo zangu hamjui hiyo, wacha niwaeleze: KANU ndio ilikuwa chama pekee, kwa mchujo watu wanapanga foleni nyuma ya picha ya mgombea wao, afisa anahesabu vichwa, na mgombea akipita asilimia 70 basi ashaingia bunge, hakuna tena kura ya siri. Mjomba anasema foleni yao ilizunguka uwanja mzima wa shule, ile ingine ilikuwa ya watu wachache unaweza kuwataja kwa majina, na aliyetangazwa ni wa foleni fupi. Hakukuwa na karatasi. Ukitaka kulalamika utaonyesha nini na watu washatawanyika washaenda nyumbani? Sasa 2022 nikamfungulia fomu ya kituo chake kwa simu yangu, akavaa miwani, hakuangalia hata nani ameongoza, akaniambia "hebu kuza hapo kwa sahihi, mpwa wangu," akaanza kusoma mawakala mmoja mmoja manake wote anawajua, ni majirani zake. Alipomaliza akasema hii ni yetu kweli. Mzee wa umri ule, ameishi chini ya kifungu cha 2A cha katiba kilichoruhusu chama kimoja tu, ameona maandamano ya Saba Saba ya 1990 ya kudai vyama vingi, ameona kifungu hicho kikifutwa Desemba 1991, na ndio mara ya kwanza anaona hesabu ya kituo chake kwa macho yake bila kuambiwa na mtu.

Hapo ndipo jibu langu kwa wale wanaosema haitengenezeki. Imetengenezwa, tena ilikuwa imeharibika vibaya kuliko sai, lakini imetengenezwa kipande kwa kipande na kila kipande kimegharimu watu.

Angalia mfuatano wenyewe. Miaka ya tisini vyama vingi vimerudi lakini masanduku ya kura yanasafirishwa hadi kituo kikuu cha eneo bunge ndio yahesabiwe huko, na njiani ni usiku na nani anajua. Wakapigania hiyo mpaka 2002 kura zikahesabiwa pale pale zilipopigwa, na mwaka huo huo KANU iliyotawala tangu uhuru ikaondoka, Kibaki akaapishwa, Moi akaenda nyumbani. Wengi tukadhani kazi imeisha. Lakini hakuna aliyegusa sehemu ya juu, pale KICC, ule ukumbi wa mikutano Nairobi, ambapo matokeo ya maeneo bunge yanajumlishwa, na 2007 ndipo palipovunjika. Namba za huko chini na za Nairobi hazilingani, tarehe 30 Desemba matokeo yanatangazwa na jioni hiyo hiyo rais anaapishwa, nchi inawaka. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Mwenyekiti wa tume, marehemu Samuel Kivuitu, baadaye aliambia waandishi wa habari kwamba hajui kama Kibaki alishinda. Soma hiyo tena polepole, ni yeye aliyemtangaza. Tume ya Jaji Kriegler kutoka Afrika Kusini ilipochunguza ikasema uchaguzi uliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda kwa haki. Tume ya zamani ikavunjwa, 2010 tukapata katiba mpya, na ibara ya 86 ikasema mfumo wa kura lazima uwe rahisi, sahihi, unaothibitishika, salama na wa wazi. Maneno mazuri sana, lakini 2013 mitambo ya kutuma matokeo ikafeli, tukarudi kwa karatasi na magari, na mahakama ikaupitisha uchaguzi.

2017 ndio mwaka naurudia kila mara mtu akiniambia watu wa kawaida hawana uwezo. Kabla ya uchaguzi mwanaharakati Maina Kiai na wenzake walienda kortini wakauliza swali dogo tu, kwamba matokeo yakishatangazwa kwa eneo bunge, je, mwenyekiti wa tume kule Nairobi ana ruhusa ya kuyabadilisha? Mahakama ya Rufani mwezi Juni ikajibu hana, ya chini ndio ya mwisho. Kesi hiyo wengi hawaikumbuki na kwangu ndio msingi wa tovuti yote. Mwezi uliofuata Chris Msando, aliyesimamia teknolojia ya tume, akapatikana ameuawa, siku chache tu kabla ya kura. Alafu tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Maraga ikafuta uchaguzi wa rais, mara ya kwanza Afrika. Mshindi alitangazwa wakati maelfu ya Fomu 34A hazijafika, na korti ilipoagiza tume ifungue seva ikaguliwe tume haikufanya hivyo inavyotakikana. Marudio ya Oktoba yalikuwa na uchungu wake, Raila, mgombea wa upinzani, alijitoa, waliojitokeza hawakufika hata nusu, vijana waliuawa. Sisemi iliisha vizuri. Nasema bila ile hukumu hakuna mtu angeona haja ya kutuwekea sisi wananchi fomu hadharani 2022.

Ukizitazama pamoja hizo hatua zote zinaelekea upande mmoja: kutoa hesabu kwa mkubwa wa Nairobi na kuishusha kituoni, mbele ya watu wanaojuana. Ndio somo ninalolishika mimi. Ukiambiwa taasisi imerekebishwa kwa sababu imepata mwenyekiti mwema shuku kidogo, uliza wananchi wamepewa nini mkononi ambacho hawakuwa nacho.

Na jirani zetu wanatuthibitishia. Congo 2018 Kanisa Katoliki lilikuwa na waangalizi karibu 40,000, likasema wazi kwamba matokeo ya tume hayalingani na waliyoyaona wao, lakini tume haikuchapisha matokeo ya kituo kwa kituo, kwa hivyo mwananchi wa Goma au Lubumbashi hana kitu cha kulinganisha, ni neno la huyu na neno la yule. Malawi nao 2019 fomu zilifutwa futwa na wino mweupe, watu wakaandamana kwa miezi, Februari 2020 korti ikafuta uchaguzi, Juni wakarudia na Chakwera akashinda. Fomu zilikuwepo, zikaonekana zimefutwa, ndio kesi ikasimama. Tanzania ibara ya 41(7) ya katiba hairuhusu korti yoyote kuchunguza matokeo ya rais yakishatangazwa na tume, kwa hivyo hata ukiwa na fomu zote kabatini hakuna pa kuzipeleka. Fomu na korti zinatembea pamoja.

Turudi kwa tovuti yenyewe manake ina kasoro na sitaficha. Ya kwanza na kubwa: haikuwa na jumla. Tume ilituma picha za fomu tu, sio namba, kwa hivyo ni wewe na kalamu yako. Vituo vya televisheni vikaajiri watu wa kunakili, kila kimoja kikaanza na fomu zake, huyu anaonyesha Ruto yuko mbele yule anaonyesha Raila, watu majumbani wakachanganyikiwa, alafu vyombo vikapunguza kasi mpaka vikanyamaza kabisa wakati ndio tunavihitaji. Zile siku za kimya zilikuwa mbaya sana, maduka yamefungwa, watu wananunua unga wa kuweka. Jumla ya muda tu, hata kama imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba sio rasmi, ingetuliza wengi. Ya pili, huwezi kupakua kaunti nzima kwa pamoja, ni moja moja, na kuna picha zimepigwa zikiwa zimepinda ama gizani mpaka 1 na 7 hazitofautishiki. Ya tatu, mtu ambaye hajui fomu inasomwaje hakupata maelezo yoyote ya Kiswahili rahisi.

Lakini ilipofika tarehe 15 Agosti pale Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura za urais, tovuti ilifanya kazi ambayo hakuna askari angeweza kufanya. Makamishna wanne wakiongozwa na Juliana Cherera wamejitenga wako hoteli ya Serena wanasema hawayatambui matokeo, ukumbini viti vinarushwa, mwenyekiti wa tume Chebukati anatangaza Ruto 7,176,141 na Raila 6,942,930, tofauti ya kura 233,211 peke yake. Hiyo ni 2007 tena ukiangalia juu juu. Kesho yake wale wanne wakasema asilimia zikijumlishwa zinafika 100.01 na kwamba hiyo 0.01 ni kura karibu 142,000. Watu wakatoa kikokotoo: kura halali ni karibu milioni 14.2, asilimia 0.01 yake ni kama 1,420, na asilimia zikikadiriwa huzidi hivyo kidogo. Hesabu ya darasa la saba ikasahihishwa na wananchi ndani ya saa chache kwa sababu namba zilikuwa zetu sote. Kulikuwa na hasira, na fujo hapa na pale, lakini hayati Raila alienda kortini, msajili wa mahakama akalinganisha fomu za tovuti na fomu halisi, na tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakakubaliana. Kuna ndugu zangu mpaka leo hawaridhiki na hukumu ile na ni haki yao. Lakini hakuna kanisa lililochomwa na watu ndani kama Kiambaa baada ya uchaguzi wa 2007. Kwangu hiyo inazidi kasoro zote nilizotaja.

Sasa isitumike kwa kazi ambayo sio yake. Fomu 34A inakuambia kura ngapi zilipigwa, haikuambii aliyechaguliwa atatimiza ahadi, wala haizuii mbunge kununuliwa. Juni 2024 vijana walioingia barabarani kupinga mswada wa fedha, makumi yao wakauawa na wengine wakatekwa, walikuwa chini ya serikali ambayo hesabu yake ilikaguliwa mpaka mwisho. Na tume yenyewe iliyotuwekea tovuti ikaachwa bila makamishna kuanzia Januari 2023 hadi Julai 2025, miaka miwili na nusu. Mbunge wa Banissa alifariki Machi 2023 na watu wa Mandera wale wakakaa bila mwakilishi mpaka uchaguzi mdogo wa Novemba 2025, hakuna wa kuwasemea bungeni, na ushuru wanalipa. Hivyo ndivyo kitu kilichotengenezwa huharibiwa upya, kimya kimya, kwa kutojaza nafasi tu. Hilo linaniogopesha kuliko wadukuzi.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naiweka hapa mpaka 10 Agosti 2027, na masharti ni haya: jumla ya muda ionekane pembeni ya fomu, faili moja la kupakua nchi nzima, na picha isiyosomeka irudishwe msimamizi apige ingine kabla hajafunga kituo. Wewe nawe ukipiga kura usikimbilie nyumbani. Ngoja wahesabu, piga picha ya fomu iliyobandikwa mlangoni yote, na sahihi na muhuri, uiweke, alafu ile ya kituo chako ikipanda kwa tovuti linganisha namba kwa namba, jumlisha wagombea wote na kura zilizoharibika uone kama zinazidi waliosajiliwa. Na kama wewe ni wakala, tafadhali, usiweke sahihi kwa fomu ambayo haijajazwa hata kama ni saa nane za usiku na gari la kuwarudisha linapiga honi.